Kabla ya Kulipia Programu Mpya, Ipime Simu Yako

Maoni ya mkulima wa Kaaga, Meru

Mwezi wa Machi ng'ombe mmoja wa shemeji yangu alionekana anataka dume asubuhi, kabla ya kukamuliwa. Shemeji ana shamba lake katika skimu upande wa Timau, nami nakaa hapa Kaaga, karibu na mji wa Meru. Kila mfugaji anajua ya kuwa ng'ombe akionekana hivyo asubuhi, yafaa apandishwe jioni ile ile. Akikosa, utangoja siku 21 nyingine, na siku zote hizo anakula majani yako na unga wako bila mimba. Basi shemeji alishika simu yake ili amwite daktari wa mifugo anayepandisha ng'ombe kwa mbegu. Simu ilikataa. Akajaribu tena na tena, ikakataa. Daktari naye, kama tulivyokuja kusikia baadaye, alikuwa akipita na pikipiki yake katika mashamba ya jirani siku hiyo hiyo. Jua likachwa, na asubuhi ya pili ng'ombe alikuwa ametulia.

Shemeji aliipeleka simu mjini kwa fundi. Fundi aliigeuzageuza, akasema, "Mzee, simu yako ni nzima. Programu yake ndiyo imezeeka. Nikiiwekea mpya, netiweki itashika." Shemeji akalipa shilingi 1,500. Na kweli, simu ikashika barabara pale pale dukani, vijiti vyote vimesimama. Ilikosaje kushika? Mnara uko ng'ambo ya barabara! Alipofika nyumbani ikawa kama zamani. Akarudi mjini, akalipa shilingi 800 nyingine za "kuirekebisha ile programu", na nyumbani ikawa vile vile. Mwisho alikuja hapa Kaaga kuniomba nimkopeshe fedha anunue simu nyingine, akikusudia kuuza ndama ili anilipe.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kwa fundi sikukasirika sana, maana huenda aliamini maneno yake mwenyewe. Nilikasirikia sana desturi hii iliyotuingia wakulima, ya kutoa fedha kwanza na kuuliza baadaye.

Je, programu mpya yaweza kuiponya simu isiyoshika mtandao? Nasema pengine yaweza, lakini mara nyingi haiwezi, na kuna njia ya kujua kabla hujatoa hata senti moja.

Simu ni mjumbe tu. Mnara unasema na simu inasikia, kisha simu inasema na mnara unasikia. Ili wasikilizane, lazima mnara uwe karibu vya kutosha, na njia kati yao isizibwe, na simu yenyewe iwe na masikio mazima, yaani antena na vyombo vingine vya ndani. Programu ni maagizo anayopewa mjumbe huyu: usikilize mnara upi, uhame lini kutoka mnara huu hadi ule, upige kelele kiasi gani. Ukimpa mjumbe maagizo mabaya, atapotea hata kama njia ni nzuri. Lakini umpe maagizo mazuri kupita yote, na mto umefurika na daraja limechukuliwa na maji, hatafika. Programu hubadili maagizo, wala haijengi daraja.

Na nchi yetu ina mito mingi ya namna hiyo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Meru na Embu yateremka kutoka Mlima Kenya, ambao kilele chake kina meta 5,199, na maji yake yameichonga ikawa migongo na mabonde. Mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja, na kwenye kona ya mlima hayapindi ila kidogo. Mimi hapa Kaaga nikisimama barabarani nazungumza na mtoto wangu aliye Mombasa bila taabu. Nikishuka bondeni kwenye nepia, hatua mia mbili tu, simu inakufa. Tena tumepanda mikima mipakani, jambo zuri sana kwa kuni na kwa udongo, lakini majani mengi hupunguza mawimbi, na nyumba ya mabati huyazuia kabisa upande ule ilikofunikwa. Mtu anakaa ndani ya nyumba ya mabati juu na mabati ubavuni, kisha anailaumu programu!

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni nguvu ya sauti ya simu. Ile simu ndogo ya vitufe, tuiitayo mulika mwizi, hutumia njia ya zamani ya 2G. Katika masafa ya megahezi 900 yaweza kutoa nguvu ya kufika wati 2. Simu ya kisasa inapotumia njia ya 4G hutoa kama wati 0.2, yaani sehemu moja ya kumi ya ile. Njia ya 4G ni ya kasi, inabeba picha na video, lakini mahali pa mbali mwenye sauti kubwa ndiye anayesikiwa. Ndiyo sababu utamwona bibi anazungumza na mulika mwizi yake jikoni, na mjukuu wake mwenye simu ya shilingi elfu ishirini anazunguka uani ameinua mkono kama mtu anayeomba mvua.

Haya hayakuanza kwetu. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa simu yake ya iPhone 4, na katika siku chache watu wakalalamika ya kuwa wakiishika kwa mkono upande wa chini kushoto, vijiti vya netiweki vinaanguka na maneno yanakatika. Antena ya simu ile ilikuwa ule ukanda wa chuma uliozunguka ubavuni, nao ulikuwa na ufa mdogo mahali pale pale ambapo mkono hugusa. Tarehe 2 Julai kampuni iliandika ya kuwa imeona kosa katika hesabu ya kuonyesha vijiti: simu ilikuwa ikionyesha vijiti vingi kuliko vilivyostahili, pengine viwili zaidi. Tarehe 15 Julai ikatoa programu mpya ya kusahihisha hesabu hiyo, na vijiti vitatu vya kwanza ikavirefusha kidogo ili vionekane vizuri.

Mkulima apelekaye maziwa kiwandani ataelewa jambo hili upesi. Mizani ikiwa na kosa, ikitengenezwa utajua uzito wa kweli wa maziwa yako, na hilo ni jambo la haki. Lakini ng'ombe hataongeza hata kikombe kimoja kwa sababu mizani imetengenezwa. Programu ile ilitengeneza mizani. Kilichosaidia mikono ya watu kilikuwa kitu cha bei ndogo sana, kifuniko cha mpira cha kuzunguka simu ili mkono usiguse chuma. Tarehe 16 Julai kampuni ikasema itavitoa bure.

Basi, ukiona fundi amekuwekea programu na vijiti vimeongezeka, usishangilie bado. Piga simu kwanza, tena ukiwa mahali pale pale panapokusumbua.

Lakini nisiwe mtu wa kusema upande mmoja. Ziko siku ambapo ugonjwa ni wa programu yenyewe, na dawa yake ni programu. Tarehe 24 Septemba 2014 kampuni ile ile ya Apple ilitoa programu iitwayo iOS 8.0.1, na waliokuwa na iPhone 6 mpya walipoiweka, simu zao zikakosa mtandao kabisa. Ikaondolewa baada ya muda mfupi, na siku iliyofuata ikatoka nyingine iliyoponya. Angalia alama ya ugonjwa ule: simu ilikuwa nzima asubuhi, ikapewa programu, ikaugua saa ile ile, mahali pale pale, bila mtu kuhama. Ugonjwa unaokuja hivyo, nami nitakubali kuutafutia programu.

Na pengine programu inayougua siyo ya simu yako bali ya kampuni ya mtandao. Tarehe 6 Desemba 2018, huko Uingereza, wateja wa kampuni ya O2 zaidi ya milioni 30 walikosa intaneti katika simu zao kwa sababu hati moja ndani ya programu ya mitambo, iliyotengenezwa na kampuni ya Ericsson, ilikuwa imepitwa na tarehe yake. Siku hiyo mtu angeweza kupeleka simu yake kwa mafundi kumi na kulipa mara kumi, na asingepata lolote. Kwa hiyo simu ikikataa ghafula, kabla ya kwenda popote muulize jirani kama yake imekataa pia.

Kuna simu nyingine ambazo hakuna programu itakayozisaidia. Simu inayotumwa na mtoto aliye ng'ambo ni zawadi nzuri, lakini baadhi ya simu zilizoundwa kwa ajili ya soko la Marekani hazina vyombo vya kusikia masafa ya megahezi 800, ambayo huku kwetu hutumiwa kwa 4G, nayo ndiyo yanayosafiri mbali mashambani. Sikio ambalo halikuwekwa kiwandani haliwezi kuoteshwa na programu. Tena wazee watakumbuka mwisho wa Septemba mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano ilipoamuru simu za bandia zizimwe. Watu wengi waliamka wakakuta simu zao hazina mtandao, na wako waliotapeliwa fedha za "programu" siku zile pia. Simu ambayo antena yake imelegea kwa kuangushwa, au imeingia maji ya birika la ng'ombe, ni vivyo hivyo. Hiyo yahitaji fundi wa kuifungua na kutia mkono.

Sasa nitawaeleza tulivyofanya mimi na shemeji, maana hayakutugharimu kitu. Nilimkatalia mkopo. Alinuna kidogo. Nikamwambia, "Shemeji, twende kwako kwanza, tukaipime." Nilichukua mulika mwizi ya mama watoto, tukaenda Timau kwa matatu.

Tulipofika tulitoa laini yake katika simu ya kisasa, tukaitia katika mulika mwizi, tukasimama katika zizi, mahali alipokuwa siku ile ya taabu. Tukapiga. Ikaita, sauti ikasikika, ingawa kwa mbali. Basi tulijua ya kuwa laini ni nzima, na mnara upo unaofika pale. Kisha tukaitia laini yangu katika simu yake ya kisasa. Ikakataa kama siku zote. Tukaenda nayo hadi langoni, penye kichuguu, ikashika. Tukarudi zizini, ikakataa. Kama ingekataa kila mahali, hata mjini, ningesema simu ni mbovu. Kama zote mbili zingekataa pale zizini na pale langoni, ningesema mahali hapo hapana mtandao, na hata simu ya shilingi laki moja ingekataa. Lakini hivi tulivyoona ilikuwa kitu kingine: simu ilikuwa iking'ang'ania 4G dhaifu, wala haikubali kushuka kwenye 2G ambayo ina nguvu pale.

Tukafungua mahali pa mipangilio ya simu, kwenye sehemu ya mtandao, tukaiamuru itumie 2G peke yake. Simu nyingi zina nafasi hiyo ya kuchagua, ingawa si zote. Tukapiga kutoka zizini. Ikaita. Shemeji alinitazama, akacheka kwa uchungu, akasema, "Shilingi elfu mbili na mia tatu!"

Sitaki kudanganya watu. Kwa njia hii intaneti yake imekuwa ya kobe, na ndani ya nyumba ya mabati bado haishiki. Akitaka kutazama bei ya viazi au habari ya mvua katika intaneti, huirudisha kwenye 4G akaenda kichuguuni. Lakini simu za kuongea zafika, ujumbe wafika, na M-Pesa yafanya kazi, maana M-Pesa ilianza Machi 2007 katika simu za vitufe za namna hiyo hiyo. Ujumbe siyo jambo dogo. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwatumia wakulima walioandikishwa ujumbe wa simu wa kununulia mbolea ya bei nafuu, na mvua haimngojei mtu ambaye ujumbe wake umekwama njiani.

Vijana wa hapa Kaaga nilipowaeleza walinishambulia. Walisema nawafundisha wazee kukataa programu mpya, na simu isiyosasishwa ni mlango wazi kwa wezi. Kwa neno hilo la wezi wana haki kabisa, nami nakubaliana nao. Simu ambayo fedha zako zinapita ndani yake yafaa ipewe masasisho yake yote yanayotoka kwa kampuni iliyoiunda. Lakini yanayotoka kwa kampuni huja bure. Huhitaji kumlipa mtu, ila bando tu, tena programu hizi ni nzito na zaweza kumaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja. Ishushe ukiwa mjini, mahali penye waifai ya mtu unayemwamini, na betri ikiwa imejaa. Ifanye kwa ajili ya wezi. Ikitokea kwamba na netiweki imepata nafuu, shukuru, lakini usiwe umeuza ndama kwa tumaini hilo. Na programu iliyotiwa na mtu wa dukani kutoka katika kompyuta yake, usiyojua ilitoka wapi, mimi siitaki kabisa katika simu yenye fedha.

Limebaki jambo moja, na kwa watu wa skimu ndilo kubwa. Tuliendelea kutembea na zile simu mbili katika mashamba ya majirani wa shemeji. Kule chini, upande wa mto, hata mulika mwizi ilikufa. Mama mmoja alituonyesha mti anaopanda mwanawe ili kupiga simu usiku mtu akiugua. Hapo hakuna mpangilio wa kubadili, wala programu, wala simu ya bei yoyote. Hapo panatakiwa mnara.

Na mnara hauombwi na mtu mmoja. Mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa katika ule mpango wa ekari milioni moja, mwaka 1962, hakuna mkulima aliyejijengea josho lake peke yake. Watu waliungana, wakahesabu ng'ombe, wakaandika. Leo sheria inazitaka kampuni za simu kutoa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka kwa mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kazi ya mfuko huo ni kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni huona hapana faida. Fedha hizo hutoka kwetu pia, kila tununuapo muda wa maongezi. Lakini malalamiko ya "netiweki ni mbaya" hayamsaidii mtu wa ofisi hata kidogo. Anataka kujua: kijiji gani, kata ndogo gani, nyumba ngapi, simu ya namna gani ilijaribiwa, laini ya kampuni gani, saa ngapi, na ilishika wapi na kukataa wapi.

Hayo ndiyo majirani wa shemeji wameanza kuyaandika katika daftari la shule. Kila mwenye shamba anapima kwa simu ya vitufe na kwa simu ya kisasa, zizini na mlangoni, na nambari ya shamba inaandikwa pembeni. Daftari litapelekwa kwa chifu siku ya baraza, kisha kwa kampuni na kwa Mamlaka. Mimi nadhani jibu litachukua muda mrefu, na nimewaambia hivyo.

Siku ya ishirini na moja ng'ombe alianza tena, safari hii alasiri. Shemeji alipiga simu kutoka zizini, na daktari akafika asubuhi na mapema. Kama ng'ombe ameshika mimba, bado hatujajua.